Kwa Nini Refa Hamuulizi Mtu

Nyinyi mnaomzomea refa kila Jumapili, hebu tulieni mlisikie hili. Kabla filimbi haijapanda milima ya Upare, mpira ulichezwa bila mtu wa kukimbia katikati. Aliyekosa alijisema mwenyewe. Mpira ukikugusa mkono, uliuinua mkono huo mmoja ukasema, "Ni mimi," na mchezo ukaendelea. Hakuna aliyekucheka, maana kesho ingekuwa zamu yake.

Vijiji vya Kitala na Mvungwe vilicheza kila mwaka, kiangazi kilipokaribia. Walitumia ndiva moja, yaani bwawa la kukinga maji ya mlimani, na walioshinda ndio waliotangulia kufungulia maji mashambani. Pembeni mwa uwanja aliketi Bibi Nakijwa na ungo wake, akichambua maharage. Wachezaji wasipoelewana, walimpelekea yeye shauri. Aliuliza, akajibiwa, akaamua. Mwalimu wa misheni aliwaambia kwamba Waingereza wana neno la mtu wa namna hiyo, anayepelekewa shauri: refarii. Watu wakalikata, likawa refa. Bibi alicheka mpaka maharage yakamwagika.

Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema, na maji ya ndiva yakaonekana kutosha kijiji kimoja tu. Mrutu, nahodha wa Kitala, aliondoka nyumbani akiwa ameona majani ya mahindi yake yameanza kujikunja. Alikuwa mtu mwema, msije mkamdhania vingine. Golikipa wa Mvungwe alikuwa Kiondo, shemeji yake, kaka wa mkewe.

Mchezo ulipokaribia kwisha bila bao, mpira ulimjia Mrutu juu juu. Akautuliza kwa mkono, akapiga, ukaingia. Kiondo hakulalamika. Alisimama tu golini akimngoja shemeji yake ainue mkono. Mrutu akayakumbuka mahindi, na badala ya mkono mmoja akainua yote miwili, viganja wazi.

"Mimi? Sijagusa!"

Shauri likapelekwa kwa Bibi Nakijwa. Macho yake yalikuwa kwenye ungo, hakuona kitu.

"Mjukuu wangu, mkono wako umegusa mpira?"

"Haujagusa, bibi."

Kiondo akafungua kinywa, bibi akamzuia. "Ameulizwa, amejibu. Hapa sijawahi kudanganywa. Ni goli."

Maji yakaenda Kitala. Mvungwe mahindi yakakauka yamesimama, watu wakafunga safari kwenda kuhemea chakula mbali, na Kiondo hakukanyaga tena kwa shemeji yake. Siku ya mavuno, Nanzia, mke wa Mrutu, alipika makande, akamwekea mumewe sahani iliyojaa. "Kula," alisema. "Haya ni ya kaka yangu." Mrutu alikaa nayo mpaka ikapoa. Uchungu alioupata siku hiyo hakuna aliyemtilia, aliupika mwenyewe.

Kesho yake akaenda kwa Bibi Nakijwa. "Bibi, mkono uligusa."

Bibi aliuweka ungo wake chini. "Nilikuuliza siku ile, baba. Leo sijakuuliza. Maji yakimwagika hayazoleki, na ndiva imekwisha kukauka." Kisha akasema taratibu, "Kazi yangu ilikuwa kuuliza tu. Sasa nitamuuliza nani?" Hakuketi tena uwanjani mpaka alipofariki.

Mwaka uliofuata, vijiji vilimleta mgeni mwenye filimbi. Wakamwagiza atazame mwenyewe na asimuulize mtu yeyote. Wakamwita refa vilevile, ingawa hakuna aliyempelekea shauri, na siku yake ya kwanza tu akazomewa na pande zote mbili.

Na tangu siku hiyo refa hukimbia kutwa nzima akitafuta kwa macho jambo ambalo zamani aliambiwa akiwa amekaa, na wachezaji huinua mikono miwili kusema si wao. Mrutu alizeeka akija kutazama. Kila mpira ulipogusa mkono wa mtu, yeye pale pembeni aliinua mkono wake mmoja. Vijana walidhani mzee anawapungia, nao wakampungia.