Uwezo Uliowekwa Pembeni

Wapendwa, mfano wa leo hauna mkulima wala kondoo. Kulikuwa na fundi wa kompyuta katika hospitali moja. Mafaili ya wagonjwa, pamoja na programu zote, yalikaa kwenye ghala la kumbukumbu, mtambo uliokuwa katika jengo la pili. Kompyuta kuu ililifikia kwa waya wa mtandao.

Siku moja fundi akapanga upya kiini cha mfumo, ile sehemu inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe na kuamka kwanza ikiwashwa. Kwa kila uwezo, yaani kila kazi kompyuta inayoweza kufanya, mtu huulizwa: uwe ndani ya kiini, au ukae pembeni uitwe ukihitajika? Fundi alipenda kiini chepesi. Alipofika kwenye uwezo wa kulifikia ghala, akachagua pembeni. Na hiyo pembeni ilikuwa wapi? Humo humo ghalani! Mtu kafungia ufunguo ndani ya nyumba, naye yuko nje.

Mwenzake akamwuliza, "Umeizima ukaiwasha, ukaona?"

"Ya nini, bwana? Si unaona inafanya kazi?"

Kweli ilifanya kazi, kwa kiini cha zamani. Kipya husubiri kompyuta iwashwe upya.

Miezi mitatu baadaye, Jumanne saa nne asubuhi, umeme ukakatika. Uliporudi, kiini kipya kikaamka, kikalitafuta ghala, kikakwama. Saa ile ile wodi ya wazazi kulikuwa na mama amezimia kwa homa. Nesi akapiga simu.

"Fundi, nifungulie faili la huyu mama, nijue dawa gani inamdhuru."

"Nipe dakika tano, sista."

"Dakika tano sina!"

Wakamchoma sindano ya kawaida. Faili lilisema asichomwe hiyo. Ghala lilikuwa zima, waya mzima, na mama akazikwa Alhamisi.

Mnamlaumu fundi? Hata mimi namlaumu. Lakini sisi je? Sala zetu tumeziweka wapi? Si humu kanisani? Jumapili tunaimba mpaka mabati yanatetemeka, kisha tunafunga mlango na kuziacha ndani. Mungu yupo, njia ipo, ila kifuani hatuna cha kumfikia.

Mwezi uliopita nilikaa kando ya kitanda cha ndugu yetu mmoja aliyekuwa mahututi, aliyeimba kwaya miaka thelathini. Akanishika mkono, akasema, "Mchungaji, nataka kuomba, sijui naanzaje." Nikaanza kumfundisha. Sikumaliza sentensi ya kwanza.