Nyumba Iliyoachiwa Chuo

Hapo zamani, nanyi sikilizeni vizuri maana mwishoni nitawauliza, alikuwapo mjini Wete mshona kofia aitwaye Bi Mgeni. Nyumba alikuwa nayo, mikarafuu alikuwa nayo, mtoto alikuwa naye mmoja tu, Raya. Raya akaenda chuo kikuu kusomea udaktari, na mwaka wa mwisho akaugua, akafa. Bi Mgeni alimzika, akalia, kisha akarudi kwenye kofia zake. Mtu akimuulizia mwanawe, alijibu, "Raya yuko chuo." Miaka kumi na moja jibu lilikuwa hilo hilo, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Uzee ulipomlaza, aliyemuuguza ni jirani yake Saumu, aliyekua pamoja na Raya. Asubuhi moja Bi Mgeni akataka mashahidi wawili, wakaja.

"Saumu, shika kalamu. Mikarafuu ni ya warithi wangu. Nyumba hii naiusia chuo."

Saumu akaandika, kisha akasita. Mjini pale ukisema chuo, huyu ataelewa chuo kikuu, na yule ataelewa chuo cha Maalim Hamad, watoto wanaposoma Kurani.

"Chuo kipi, Bi Mgeni?"

"Saumu nawe! Si alichosoma Raya?"

Lakini Raya alisoma vyote viwili. Saumu alikuwa na swali la pili mdomoni. Akamwona mgonjwa anavyohema, akaona haya kumsumbua. Nitamuuliza akiamka, alisema moyoni. Bi Mgeni akaweka dole gumba, mashahidi wakaweka yao, na mgonjwa akalala. Hakuamka tena.

Matanga yalipokwisha, watu watatu wakasimama mbele ya kadhi.

Maalim Hamad akasema, "Raya alikhitimu msahafu kwangu akiwa na miaka minane, na mama yake alisoma kwa baba yangu. Neno chuo kwa Bi Mgeni lilianzia kwetu. Leo watoto sitini wanasomea barazani, na mvua ikinyesha nawarudisha makwao."

Daktari mmoja wa chuo kikuu, jina lake Tatu, akasema, "Alipokuwa akisema Raya yuko chuo, hakuwa akimkumbuka mtoto wa miaka minane. Mwanawe alitaka kurudi Wete kuzalisha wanawake. Tupeni nyumba, wakae wasichana wetu wanaokuja kujifunza ukunga hapa."

Kombo, kaka wa Bi Mgeni, akasema, "Mawe ya nyumba ile niliyabeba kichwani mwangu. Sitaki kuvunja wasia wa dada yangu. Lakini kama hamjui alimpa nani, basi hakumpa mtu."

Kadhi akafikiri sana. "Nyumba haizidi thuluthi ya mali, wasia ni halali. Kilichobaki ni neno. Saumu, wewe ndiye uliyeandika, na umekaa naye miezi mingi. Utaapa alikusudia chuo kipi, nami nitahukumu hivyo. Ukisema hujui, nyumba inarudi kwa ndugu yake."

Saumu akaweka mkono juu ya msahafu. Aliumia, kwani swali moja tu la kuongeza lingetosha, naye alilimeza. Alimkumbuka Raya mdogo, wakigombania ubao mmoja kwa Maalim Hamad. Akamkumbuka Raya wa koti jeupe, akimpima mama yake presha huku wanacheka. Bi Mgeni aliwapenda Raya wote wawili, na alipofumba macho alikuwa akimwona mmoja wao.

Akisema chuo kikuu, ataapa asilolijua. Akisema chuo cha Maalim, ataapa asilolijua. Akisema sijui, atakuwa amesema kweli, na zawadi ya Bi Mgeni itakuwa imekufa mikononi mwake.

Watu wote walikuwa wakimtazama mdomo. Basi nanyi mtazameni, mniambie: Je, nani alistahili nyumba ile, na Saumu aseme nini?