Koti la Mwenyekiti

Wengi wakisikia "kikulacho ki nguoni mwako" hukumbuka chawa, wakacheka. Wahenga hawakuwa wakicheka. Walijua kwamba anayekudhuru mara nyingi ni yule unayemtandikia kitanda.

Mtaa mzima ulikuwa umemkamia adui mmoja, kiwanda cha lami nyuma ya ukuta. Masizi yalitanda madirishani, nguo zikianuliwa zimeota madoadoa. Kifaranga, mtoto mchanga wa mkemia wa maabara, alikohoa mpaka mama yake akatamani amkoholee yeye.

Aliyepiga kelele kuliko wote ni mdogo wa mume wa mkemia, aliyeishi nao. Mtaa ulimbandika jina Mwenyekiti, maana hakuna mkutano uliompita.

"Shemeji, si una mashine kazini?" alisema jioni moja, Kifaranga akisinzia kifuani pake, amefunikwa koti lake zito. "Wapime hao wauaji. Waumbue!"

"Nitawapima. Ila koti lako linanuka."

"Jasho la mwanamume hilo! Ungenifulia, lingenukia marashi."

Mkemia alifuta masizi ya dirishani kwa pamba safi, kisha akaenda kiwandani kuomba masizi ya bomba lao la moshi. "Chukua," fundi mkuu alimjibu kwa ukali. "Nimechoka kutukanwa."

Kitu chenye kaboni, kiwe kuni, mafuta au plastiki, kikipata moto mkali na hewa haba, huvunjika vipande. Vipande hushikana upya, vikawa pete zilizoungana kama vyumba vya sega la nyuki. Baadhi ya pete hizo huleta saratani. Lakini kila kichomwacho huacha mchanganyiko wake, kama unyayo wa mnyama. Mkemia aliyeyusha masizi, akayapitisha kwenye mashine, nayo ikatenganisha pete hizo na kuzichora kama vilele vya milima.

Vilele havikufanana! Masizi ya dirishani yalikuwa na kilele kirefu ambacho ya lami hayakuwa nacho kabisa. Ilikuwa alama ya plastiki iliyochomwa. Alirudia kupima, jibu likawa lile lile. Nani basi anachoma plastiki?

Jioni alimpokea mwanawe kutoka kifuani kwa Mwenyekiti. Harufu ya koti ikampanda puani, safari hii akaitambua. Mwenye koti alipokwenda kuoga, mkemia alikata kipande cha bitana. Kesho yake kilele kile kile kikasimama mbele yake, kirefu kuliko cha dirishani.

Alirudi nyumbani damu ikimchemka, akalitandaza koti mezani mbele ya ndugu wawili.

"Mwenyekiti, unachoma nini?"

"Nyaya tu, shemeji. Natoa shaba. Ni kule kwenye ukuta wa kiwanda, watu wakiona moshi wanadhani..." Akakwama.

"Malizia! Wanadhani ni wao! Unatuvukizia sumu, halafu unasimama mkutanoni kutulilia? Unamfunika mwanangu sumu hiyo hiyo, unambembeleza alale?"

"Mama Kifaranga, tuyamalize kindugu," mumewe alijaribu kuupooza moto.

"Kindugu? Haya, kifua cha mwanao kiambie kipumue kindugu!"

Chumbani Kifaranga akakohoa. Mume alisimama, akalitupa koti nje, akarudi na kisu na kukiweka mbele ya mdogo wake. "Plastiki ya waya hubanduliwa kwa hiki. Moto wako ulikuwa uvivu. Ukiuwasha tena, utafute pa kulala. Na mkutanoni utasema kwa mdomo wako."

Alisema. Alisimama mbele ya mtaa bila koti, fundi mkuu wa kiwanda akiwa amekaa safu ya mbele. Watu waliguna. "Kumbe Mwenyekiti wa moshi!" mmoja akadakia.

Madirisha yakaanza kubaki meupe. Kikohozi cha Kifaranga kikapungua polepole, akawa analala kifuani kwa mama yake tu. Mama alikuwa amemtafuta adui ng'ambo ya ukuta, kumbe mwanawe alikuwa akifunikwa naye kila jioni. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.