Kituo cha Kuinua Mkono

Ndugu zangu, leo nawatoa hapa hadi Wales, nchi ya milima na mvua, jirani na Uingereza. Kijijini huko aliishi mama mmoja mjane, nyumba yake ikitazamana na kituo kidogo cha treni. Kituo hicho kilikuwa na desturi yake tangu enzi za mababu: treni haisimami mpaka abiria ainue mkono.

Wakubwa wakakifunga. Reli ikang'olewa. Kisha akaja ofisa na karatasi yake, anataka kubomoa jengo.

"Mama, toka kwenye benchi. Treni haitarudi hapa."

"Basi nibomoe pamoja na benchi," akasema yule mama, akaendelea kumenya viazi.

Ofisa akaondoka. Mnadhani mama naye alirudi nyumbani kupumzika? Thubutu. Miaka thelathini alifagia kituo, akapaka rangi, akawasumbua majirani mpaka wakachoka kumkatalia. Wakatandika reli upya kwa mikono yao.

Siku ya treni ya kwanza kijiji kizima kilijipanga kituoni, nguo za Jumapili, kwaya inaimba. Mama yuko mbele, mkono huu ufagio, mkono huu maua. Treni ikaja. Ikapiga honi. Ikapita.

Watu walilia, jamani. Wengine wakaanza kuondoka, wanasema tumejisumbua bure. Mama akatupa ufagio, akatupa maua, akainua mkono.

"Mama, imeshapita," wakamwambia.

"Reli inaishia pale mbele. Itarudi tu, na mkono huu haushuki."

Saa nzima, mvua inamnyeshea. Treni iliporudi, ikasimama. Dereva akachungulia dirishani.

"Mara ya kwanza niliwaona mmependeza, mnaimba. Lakini hakuna aliyeinua mkono. Nikajua mmekuja kutazama tu."

Mnacheka? Sisi kanisa hili hatulifagii? Rangi hatukupaka mwaka jana? Kwaya si hii hapa, na sare mpya? Sasa niambieni, nani kati yetu amemwomba Mungu asimame hapa? Huko nje wanasema usharika huu umekwisha, vijana wamehama, bora tufunge milango. Waacheni waseme. Mimi sifungi mlango wowote. Wekeni chini vitabu vya nyimbo. Na wewe mama, weka chini huo mkoba. Inueni mikono, na isishuke.