Njia ya Mkato Shambani kwa Wubete

"Tefu huota penye nyayo." Mmeisikia asubuhi hii, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya vijana, kaeni. Nimechoka, lakini nitasema. Methali hii ilizaliwa hivi.

Wubete alikuwa mjane wa huku kwetu, nyanda za juu za Uhabeshi. Mumewe alikuwa amefariki, na karamu ya kumkumbuka ilipaswa kufanywa mwaka ukitimia. Kwenye karamu hiyo huliwa injera ya tefu, ule mkate wetu mpana wa unga uliochachuka. Ukiandaa ya mtama, umemwaibisha marehemu. Naye Wubete alibakiwa na kibuyu kimoja tu cha mbegu.

Punje ya tefu ni ndogo hata kuliko ya ulezi. Udongo ukiwa tifutifu huimeza, isichipue. Ndiyo maana shamba likishalimwa hukanyagwa kwanza kwa ng'ombe na miguu ya majirani, na mwenye shamba huwalisha. Wubete hakuwa na cha kuwalisha. Aliona haya, hakuwaita. Alikanyaga peke yake siku mbili mpaka magoti yakagoma, akamwaga mbegu hivyo hivyo.

Wiki tatu zikapita, shamba tupu. Tefu iliota mahali pamoja tu, kwenye njia ya mkato iliyokatiza shamba, ambayo majirani waliendelea kuipita na mitungi kwenda mtoni hata baada ya shamba kulimwa. Alikuwa akiwakaripia kila siku, na siku ya kupanda aliiziba kwa miiba.

Jirani yake Tirunesh alimkuta ameketi hapo.

"Dada, mbona hukutuita?"

"Ningewalisha nini?"

"Tungekula kwetu, tukaja."

Wubete alilia. Alikuwa amechoka mno, hata haya hakuona tena.

Ukanda ule wa njia ulitoa kibuyu cha mbegu na unga wa injera tano. Siku ya karamu majirani walimega vipande vidogo, wakalishana kwa mkono kama desturi, kila mmoja akisema ameshiba. Hakuna aliyeshiba. Msimu uliofuata Wubete alifungua mlango akawakuta wote wanakanyaga shamba lake, wameshakunywa uji makwao.

Basi msinigunie. Shamba la jirani yetu Mzee Gebeyehu limelimwa, na ng'ombe wake wanaumwa. Miguu yangu mimi imekwisha. Yenu bado mizima. Nendeni, msingoje kuitwa. Tefu huota penye nyayo.