Kwa Nini Protoni Hajawahi Kuwa Mwepesi Kuliko Pioni

Enzi hizo jiwe lilikuwa halijashikana likawa jiwe. Ndani kabisa ya vitu waliishi kwaki, vijitu vidogo kuliko vumbi la vumbi, na mlezi wao alikuwa Bi Kani. Mama huyo hakupenda mtu akae peke yake. Aliwafunga kamba: wengine wawili wawili, kwaki mmoja na mwenzake aliye kinyume chake, akawaita Pioni, wengine watatu watatu, akawaita Protoni.

Lakini akina Protoni walikuwa hawapatani. Kila jirani alimsukuma mwenzake, na Bi Kani akaona ulimwengu utatawanyika. Akatangaza, "Nataka mpeleka habari, akimbie nyumba hadi nyumba awapatanishe. Kazi ni ya aliye mwepesi kuliko wote."

Protoni mmoja akaitamani. Nani asiyetaka kujua katika kila chungu kumepikwa nini? Hata mimi ningeomba.

"Bibi, sisi watatu tumekonda kama fito," walisema kwaki wake watatu. "Hao Pioni mbona wana mashavu!"

"Mizani haitazami mashavu," akajibu Bi Kani.

Desturi yake ilikuwa mtu kupimwa pamoja na kamba zake. Basi kabla ya kupimwa wale watatu walijificha wazivue. Wakavutana, huyu huku, yule kule. Lo! Kamba za Bi Kani ukizivuta hazikatiki, zinanenepa. Walifika mizanini wanahema, kamba zimewaelemea kama kuni za mvua.

Mizani ikaenda chini, puu! Bi Kani alicheka mpaka khanga ikamdondoka.

"Wanangu, miili yenu si kitu. Uzito ni kamba. Na wakikaa watatu, wawili wakinong'ona, wa tatu si lazima naye aongezewe kamba, ajue wamesema nini? Kamba hiyo itakuwaje nyepesi kuliko ya wawili?"

Pioni akapanda. Mizani ikatikisika kidogo, kama imekanyagwa na nzi.

Protoni akalia. Bi Kani akamfuta machozi: "Nyamaza. Mwenzako hadumu, mbio zitammaliza. Wewe utakaa, na uzito wako ndio utakaokuwa uzito wa dunia."

Na tangu siku hiyo, hajaonekana Protoni mwepesi kuliko Pioni. Protoni ametulia kwake, ameridhika. Pioni anakimbia mlango hadi mlango, na majirani wameshikana. Kwa hiyo msiniambie umbeya hauna faida. Hata hilo jiwe mlilokalia, lisingekuwepo bila mpeleka habari.