Michungwa Iliyolishwa Mara Tatu

Sogeeni, na atakayejibu kabla sijamaliza nitamtoa nje. Kisa hiki kimenichosha.

Mama Mhina wa Muheza alikuwa na michungwa arobaini na watoto watatu wakubwa. Mhina alikuwa na pua: akinusa udongo, anakwambia unaumwa nini. Mwanaidi alikuwa na miguu isiyojua kuchoka. Hoza, kitindamimba, alikuwa na ubishi. Ubishi tu!

Mama akawaagiza, "Tieni mbolea ya yurea kidogo, mara moja kila msimu." Mhina akatia. Mwanaidi, akijua kaka yake mvivu, akatia tena kimyakimya. Hoza, asiyemwamini yeyote, akatia ya tatu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Watu wazima hao!

Ikawa hivyo misimu minne. Majani yakastawi, machungwa yakapungua, na jua lilipokaza kidogo tu, miti ikanyauka. Mama akalia. "Michungwa hii ndiyo iliyowalea nyie!"

Mhina akapiga magoti, akanusa shina hadi shina. "Udongo hauna tena harufu ya uyoga," akasema. "Yurea imezidi, imedhoofisha kuvu, zile nyuzi nyembamba zinazoisaidia mizizi kupata maji na chakula."

Mwanaidi akaenda kwa jirani, kwenye mchungwa mkongwe usiowahi kuonja yurea. Akabeba udongo wake kwa vikapu, akaufukia penye mizizi ya kila mti. Siku kumi na mbili, mabega yakachubuka.

Hoza akakalia gunia la yurea. Msimu mzima! Mama mwenyewe akaja kubembeleza, "Kiganja kimoja tu, mwanangu, miti inatia huruma."

"Hata punje, mama."

Mama akamnunia mwezi mzima.

Michungwa ikapona. Bila pua, wasingejua ugonjwa. Bila udongo ule, kuvu zingechelewa kurudi. Bila ubishi, wangeilisha tena hadi ife.

Mama akawaita. "Nimezeeka. Shamba hili silikati vipande, mtaliharibu tena, kila mtu na gunia lake. Namwachia mmoja, aliyeliokoa."

"Ni mimi!" wakasema wote watatu.

"Na aliyetaka kuliua?"

Wakanyoosheana vidole. Mama akashika kichwa, na hadi leo hajataja jina.

Msiniangalie mimi, nimeshindwa. Ungekuwa wewe ndiye Mama Mhina, shamba ungemwachia nani?